Tulivyonunua Helikopta kama Mbuzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye aliyemeza ufunguo wa geti." Hapa kwetu, nje kidogo ya Kwa Vonza, natengeneza redio na simu za watu juu ya meza ya kulia chakula, na kwa sababu hiyo familia nzima hula ikiwa imepakata sahani. Nilimaliza kidato cha nne na D ya fizikia, alama ambayo mwalimu alisema amenipa kwa huruma. Ukiziweka pamoja ile meza na ile D, utaelewa kwa nini mke wangu aliweka mwiko chini kwanza siku niliyomwambia nataka kununua helikopta.

"Ya kupanda?" akauliza.

"Ya rimoti."

"Afadhali. Ya kupanda ningekuwa mjane."

Haikuwa ya kwanza. Nilikuwa nimeshamiliki mbili za kuchezea. Ile ya kwanza ilikuwa na mapanga mawili yaliyopandana, ikajishikilia hewani yenyewe bila msaada wangu, na hata kuku angeweza kuirusha. Ya pili ilitaka akili kidogo, nikaimudu baada ya miezi kadhaa sebuleni, isipokuwa siku moja ilipotua kwenye sufuria ya githeri. Sasa nilitaka kupanda darasa.

Hizi ndogo hupanda kwa kuongeza mbio za mota na kushuka kwa kuzipunguza. Ile niliyoitaka ni mnyama mwingine. Mapanga yake huzunguka kwa kasi ileile wakati wote, na ukitaka ipande, yenyewe hubadilisha mlalo yakauma hewa zaidi. Kwa hiyo inakutii papo hapo. Ukikosea pia inakutii papo hapo. Inaweza hata kuruka kichwa chini, jambo ambalo sikulihitaji kwa sababu mambo yangu mengi tayari yamekaa hivyo.

Msimu ule ndengu zilikuwa zimetupenda. Tuliuza, tukanunua tangi la maji, karo ikalipwa, na kilichobaki mke wangu akakigawa katikati. Nusu yake akanunua makochi. Kabla ya kunipa nusu yangu aliikunja mkononi kwanza.

"Unanunua moja," akasema. "Ukiiangusha ikavunjika, sitaki kusikia habari ya nyingine. Na meza yangu utairudisha. Hizo redio zako utazipeleka kibanda cha sokoni, ukae huko na wanaume wenzako kutoka asubuhi mpaka jioni."

Alijua mahali pa kunigusa. Kibanda cha sokoni! Kuamka, kuvaa viatu, kusalimia watu mia moja kabla ya chai ya saa nne! Niliapa kwamba helikopta hiyo haitavunjika, kisha nikaenda kuketi kwenye kochi jipya.

Nilisoma sana, kuliko nilivyosomea mtihani wa kidato cha nne. Nilitazama video za wazungu wenye bustani za nyasi laini, nikaandika katika daftari la mraba. Nilipata mchezo wa mazoezi kwenye kompyuta yangu kuukuu, wa kurusha helikopta za kwenye kioo tu, na kila jioni nilikuwa nazisaga ardhini. Mke wangu alikuwa akipita na karai la vyombo. "Umeua ngapi leo?" "Kumi na nne." "Jana zilikuwa ishirini. Unaanza kuwa na huruma."

Daftari lilisema mambo mengi yaliyopingana. Kubwa haiyumbishwi sana na upepo na unaiona vizuri hata ikiwa mbali. Ndogo hupeperushwa, lakini ikianguka huvunjika kidogo. Mpya kutoka ng'ambo ina dhamana, ila kufika kwake na ushuru wake ni hadithi nyingine. Iliyotumika ni rahisi, ila hujui imeanguka mara ngapi. Mahali pengine nilikuwa nimeandika "VIPURI KWANZA" na kupiga mistari mitatu chini yake. Ukurasa uliofuata nilikuwa nimechora helikopta kubwa, nikaipaka rangi.

Kwa maana nilikuwa nimeshaiona, na ndiyo iliyoniharibu. Mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Sultan Hamud alikuwa ametuma picha katika kundi letu la warushaji la kwenye simu: anauza helikopta zake mbili, kubwa na ndogo, zote za darasa lile nililolitaka, zote zimetumika. Ndogo ilikuwa ndefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kubwa ilikuwa ndefu kama mkono mzima, na kichwa chake kilikuwa cha manjano chenye mistari myeusi kama nyigu. Pesa zangu zilikuwa zinakaribia kuifikia ile kubwa, lakini si kuifikia. Ilibidi bei ishuke kidogo.

"Wewe huwezi kushusha bei," mke wangu akasema. "Ukitajiwa bei unasema asante. Nenda na kaka yangu."

Shemeji yangu ni dalali wa mifugo huko Mwingi. Ananunua mbuzi na ng'ombe kwa niaba ya watu wanaoogopa kudanganywa, na miaka ishirini ya kazi hiyo imempa sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya soko. Alikuja na pikapu yake inayonuka beberu hata ikiwa tupu, akanitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Mzee wa meza," akasema, "leo umetoka nje! Jua halijakuunguza?"

Njiani alinieleza itakavyokuwa. Sokoni Mwingi humtazami mnyama unayemtaka. Ukimtazama, bei imepanda. Unamwendea jirani yake, unamshika mgongo, unamfungua mdomo, unamsifu. Huyu unayemtaka unampitia kama mawe ya barabarani, labda unamhurumia kidogo: maskini, nani amemfanya hivi? Kisha unataja bei ya yule usiyemtaka, bei nzuri, mwenye mali apate moto wa kuuza. Akianza kuvutana nawe, unachoka, unageuka kuondoka, na mlangoni unasema kwa uchovu, haya basi, kwa pesa hiyo nipe hata huyu mgonjwa.

"Na wewe usiseme kitu," akaongeza. "Wewe hata macho yako yanasema. Ukiweza, angalia chini."

Nilikubali. Nilikuwa nimezoea kutosema kitu mbele ya familia ile.

Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, wa ukoo uliotoka pwani zamani na kubaki pale kando ya reli. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chetu kikaonekana kimevaa viatu vya kuazima. Alitukaribisha nyuma ya duka, akatupa viti na chai yenye tangawizi. Helikopta zote mbili zilikuwa mezani, zimefutwa vumbi.

"Karibuni, ndugu zangu. Ni nani kati yenu arushaye?"

"Ni huyu," shemeji akajibu, "lakini ameniachia mimi maneno. Koo linamuuma."

Niliangalia chini. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, na ndani yake niliona kivuli cha nyigu.

Shemeji akaanza kazi. Aliipita ile kubwa bila hata kugeuza shingo, akaiinua ndogo kwa mikono miwili, akaitazama chini ya tumbo. Naapa kwamba kwa nusu dakika alikuwa anatafuta meno.

"Hii sasa," akasema, "hii ni mali. Ona imekaa vizuri. Imebana. Hii ni ya mtu mwenye akili."

"Kweli kabisa," mwenye duka akasema.

"Sasa ile nyingine, mzee wangu, pole. Mkia mrefu, miguu myembamba. Hiyo inakula betri tu. Hiyo hata ukipewa bure unajiuliza maswali."

"Wallahi umesema."

Shemeji alisita kidogo. Sokoni mwenye mali hutakiwa kukataa. Hutakiwa kushika kichwa, kuita majirani mashahidi, kuapa kwamba mnyama huyo amelelewa kama mtoto. Huyu alikuwa anakubali na kuongeza chai. Lakini dalali hasimami katikati ya wimbo, kwa hiyo shemeji akavuta pumzi na kuitajia ile ndogo bei. Alitaja bei ya heshima ili mzee apate ule moto wa kuuza, kisha akaegemea nyuma kusubiri mvutano uanze.

"Nimekubali," mwenye duka akasema, akanyoosha mkono.

Nilichokiona baada ya hapo nitakikumbuka hata nikisahau njia ya choo. Uso wa shemeji ulikuwa bado unatafuta la kusema, lakini mkono wake ni wa sokoni, hauulizi kichwa. Ulinyanyuka wenyewe, ukaupokea mkono wa mzee, ukautikisa mara mbili. Na Mwingi, mikono ikishashikana, umenunua. Hakuna "nilikuwa natania," hakuna "ngoja nifikirie." Mtu akirudi nyuma hapo, habari zake zitafika sokoni kabla yake, na wiki ijayo hakuna atakayemkabidhi kamba ya mbuzi.

Shemeji alinigeukia pole pole. Mimi mwenye koo nikarudi kutazama sakafu.

"Hongera, bwana," mzee akaniambia kwa upole. "Sasa, pesa iliyobaki isikuwashe mfukoni. Nikushauri?"

Akaleta boksi. Jozi tatu za mapanga ya akiba, mapanga madogo ya mkia, gia, vyuma vyembamba vya kati ambavyo alisema hupinda hata kwa kutazamwa vibaya, betri nne, chaja, na rimoti yake nzuri ambayo ingebaki kunitumikia hata helikopta zikipita tano. Kila kimoja alinieleza kinavunjika vipi. Ndipo nilipokumbuka mistari mitatu katika daftari langu. Kama ningeinunua ile kubwa, nisingebaki hata na pesa ya panga moja la mkia. Ningerudi nyumbani na nyigu asiye na miguu ya kuangukia. Lakini sitasema uongo: tulipotoka niligeuka kuitazama, na niliumia.

Kwenye pikapu hatukuongea mpaka Sultan Hamud ikaisha nyuma yetu.

"Sasa ni nini?" shemeji akasema ghafla, kama mtu aliyeshtakiwa. "Si iko na mkia? Si inaruka?"

"Sijasema kitu."

"Hiyo kunyamaza kwako ndiyo mbaya. Yule mzee hajui biashara! Mtu gani anakubali bei ya kwanza? Ameniharibia!" Akapiga usukani. "Miaka ishirini, mzee wa meza. Sijawahi kununuliwa mbuzi na mkono wangu mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika dashibodi. Baadaye naye akacheka, lakini kicheko cha chini chini, cha mtu anayejiuliza nani mwingine atasikia.

Nyumbani mke wangu alilizunguka lile boksi. "Mlitoka kununua fahali," akasema, "mmerudi na ndama na mafuta yake ya kujipaka." Kaka yake akasema ana haraka, akaondoka bila chai. Hilo halijawahi kutokea.

Wiki mbili sikuigusa zaidi ya kuifuta. Nilikuwa nimeunganisha ile rimoti kwenye kompyuta, nikaendelea kuua za kioo. Siku moja jambo lilinishinda, namna ya kupima kile kifaa kinachoshika mkia usizunguke ovyo, nikampigia mzee wa Sultan Hamud. Alinielekeza bila haraka: ishike mkononi mota ikiwa imezimwa, igeuze pua kulia, utazame mapanga ya mkia yanapinga au yanakubali. Yakikubali, usirushe. Yalikuwa yanapinga. Nikamshukuru. Halafu kwa sababu simu ni rahisi kuliko uso, nikamwambia pole, kwamba siku ile shemeji alikuwa na mambo yake.

Akacheka kidogo. "Ndugu yangu, mimi kila mwaka kabla ya Idi naenda Mwingi kununua mbuzi. Mwadhani sijui kumsifu mbuzi wa jirani?"

Nikaketi kwenye kochi jipya, simu sikioni.

"Tangu uingie macho yako yalikuwa kwenye ile kubwa, hata ulipoangalia chini. Ningekuuzia, ningepata zaidi. Lakini ungenirudia wiki ijayo na gunia la vyuma, nami nimeshachoka kupokea maiti. Nikaona shemeji yako amenifungulia mlango, nikapita." Kisha akanipa maneno niliyoyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: mkia ukutazame wewe, simama hatua kumi nyuma, na usiibembeleze pale chini. "Ikiwa nusu imekaa nusu imeruka, itacheza mpaka ijiangushe. Inua hadi usawa wa goti, mara moja. Juu hewani ndiko kwenye usalama."

Shemeji sijamwambia mpaka leo. Nikimwambia, Mwingi atakuwa akipita kwa barabara ya nyuma.

Asubuhi niliyoichagua ilikuwa Jumamosi, mapema, kabla upepo wa hapa kwetu haujaamka. Upepo wetu huanza saa tatu, na kufikia saa sita huwa unabeba karai. Niliwafungia kuku. Kilichonisumbua ni vumbi. Udongo wetu mwekundu ukipulizwa na mapanga unapanda kama moshi, huoni mashine, unasikia tu imeanguka. Mke wangu hakuniuliza chochote. Alikuwa amefua tangu alfajiri, akaja na maji ya kufulia karai baada ya karai, akayanyunyiza uwanjani mpaka ardhi ikawa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya sabuni. Chini ya helikopta nilikuwa nimefunga msalaba wa vijiti vikavu vya mkonge, vyepesi, ili ikilala isipindukie upande.

Wakati huo wakapita wanawake wa kikundi chao cha mwethya, wale wanaochimbiana matuta mashambani kwa zamu, majembe begani. Wakasimama uani. Niliomba Mungu awakumbushe kazi. Hakuwakumbusha.

"Baba, hiyo inabeba watu wangapi?" mmoja akauliza.

"Inabeba yeye na meza," mke wangu akajibu.

Nikasimama hatua kumi nyuma, mkia ukinitazama. Niliwasha. Mapanga yalianza kuvuma, kwanza kama inzi, kisha kama kitu ambacho hungetaka kukikaribia, na wanawake wote wakarudi nyuma pamoja. Helikopta ikaanza kutetemeka chini, vijiti vya mkonge vikagonga udongo. Nilijua ndiko kule kubembeleza nilikokatazwa. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda. Niliona kibanda cha sokoni wazi kabisa, na benchi lake, na mimi nikiwa juu yake.

Nikainua.

Ikaruka mara moja mpaka usawa wa goti, ikasimama. Ikaanza kuteleza kushoto, nikaisukuma kulia, ikaenda sana, nikairudisha kidogo, kidogo zaidi. Ilikuwa inayumba kama mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini ilikuwa hewani, na iliyokuwa inaishikilia pale ilikuwa mikono yangu, ile ile iliyopata D.

"Ipandishe!" wanawake wakaanza. "Tuone tumbo lake! Ipeleke juu ya mti!"

Nitasema ukweli, nilitaka. Kidole kilikuwa tayari. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, na mtu mvivu wa kutoka nyumbani akipata watazamaji kumi anaweza kufanya ujinga wowote. Mke wangu hakusema ipandishe, wala hakusema ishushe. Alikuwa ameshika karai tupu kifuani, anatazama hewa iliyo chini ya vile vijiti.

Nikaishusha. Ilitua kwa kishindo kidogo, ikadunda kimo cha kiganja, ikatulia. Nikazima, tukasubiri mapanga yamalize kuzunguka.

"Ni hiyo tu?" mmoja akasema.

"Ni hiyo tu, mama."

"Tulidhani itaenda!"

"Mwacheni," mke wangu akasema. "Huyu hata akienda dukani anarudi kabla hajafika."

Wakaenda na majembe yao wakicheka, na kicheko kikasikika mpaka wakafika kwenye korongo. Nilipiga magoti kwenye tope la sabuni, nikaikagua. Panga zima, mkia mzima, vyuma havijapinda. Kijiti kimoja cha mkonge kilikuwa kimevunjika, na hivyo tunavyo shamba zima.

Mke wangu akachuchumaa kando yangu.

"Betri imeisha?"

"Hapana. Imebaki zaidi ya nusu."

"Na umeishusha?"

"Nimeishusha."

Akaitazama ile mashine, akatoa tone la tope kwenye kioo chake kwa ncha ya kanga. Upepo ulikuwa umeanza kugusa nguo kwenye kamba. Akasimama, akachukua karai lake.

"Haya," akasema. "Jumatatu nitafua mashuka. Maji yatakuwa mengi."